Watoto wanapokuja kuchuma matunda shambani kwako

Mkulima mwenye pichesi, tufaha au stroberi karibu na Mbeya, Iringa au Njombe anaweza kuuza sehemu ya mavuno yake kwa familia na shule zinazokuja kuchuma zenyewe. Hulipi vibarua, tunda halipondeki kwenye gari, na mtoto anajua chakula kinatoka wapi. Mimi naiunga mkono biashara hii kwa moyo wote. Ila, ndugu mkulima, maandalizi yake hayaanzi asubuhi ya kupokea wageni. Yanaanza siku ulipobeba bomba mgongoni kupulizia dawa.

Mtoto hasubiri tunda lioshwe. Akilichuma, liko mdomoni. Mwili wake ni mdogo, hivyo kiasi kidogo cha sumu kinamdhuru kuliko mtu mzima. Tumia viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA tu, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na soma kwenye lebo siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Kila dawa ina siku zake. Kama umepulizia dawa mbili, fuata ile yenye siku nyingi zaidi. Andika tarehe kwenye daftari, jina la dawa na sehemu ya shamba, kwa sababu kichwa husahau. Siku zikiwa hazijatimia, ahirisha ugeni, hata kama basi la shule limeshakodiwa.

Kuna jambo wengi hawalifikirii: viazi vya jirani. Huku kwetu viazi mviringo hupuliziwa mara kwa mara kuzuia ukungu, hasa mvua zikikolea, na upepo hausimami mpakani. Mpelekee jirani taarifa mapema, mkubaliane asipulizie siku hiyo wala siku zinazoitangulia. Mistari ya mpakani usiwape watoto.

Watengee kipande kimoja chenye miti mifupi, ukizungushie kamba. Ngazi zisionekane kabisa. Mitego ya nzi wa matunda ina kivutio na sumu ndani, kwa hiyo itoe kwenye kipande hicho au ipandishe juu wasikofika. Bwawa la umwagiliaji lililotandikwa nailoni ndilo linaloniogopesha kuliko yote: kingo zake huteleza, na mtoto akitumbukia hana pa kushika. Kama halina uzio imara, usialike watoto.

Kabla hawajagusa mti, wafundishe kuchuma. Pichesi hushikwa kwa kiganja na kuzungushwa taratibu. Ukilibonyeza kwa vidole ili kujua kama limeiva, kesho alama zinageuka madoa ya kuoza. Wekundu wa shavuni usiwadanganye, huo ni wa jua. Tazama rangi iliyo chini yake: kijani kikigeuka manjano, tunda liko tayari. Tufaha huinuliwa juu huku likizungushwa. Mtoto akilivuta kwenda chini huvunja kijiti chenye vichipukizi vya msimu ujao, na hasara hiyo utaiona mwakani. Stroberi haiivi tena ikishachumwa, basi wachume iliyo nyekundu pande zote, wakikata kikonyo kwa kucha bila kuvuta tunda lenyewe. Samadi mbichi isiwekwe kwenye matuta ya stroberi, maana tunda linagusa udongo. Tandaza nyasi kavu. Parachichi la aina ya Hass liache kwa watu wazima. Haliivi mtini, hukatwa kwa mkasi likibaki na kikonyo kifupi, na mtoto hawezi kujua lililokomaa.

Wape vindoo vidogo, visijazwe zaidi ya nusu. Mwezi Juni na Julai subiri umande ukauke: watoto wasitetemeke kwa baridi, na stroberi iliyochumwa ikiwa na maji huoza haraka. Weka maji tiririka na sabuni pale pa kuingilia, na choo kisiwe mbali.

Matunda yaliyodondoka hayaliwi. Mengi yana funza wa nzi wa matunda, na yakiachwa chini ya mti kizazi kipya huibuka kutoka ardhini. Waombe watoto wakubwa wayaokote kwenye ndoo ya peke yake, kisha wewe uyafukie kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi siku hiyo hiyo. Wanawe mikono tena, halafu mpime matunda yao kwenye mizani mbele yao.