Kutunza arki za keki, barafu na juisi nyumbani

Kabati la juu ya jiko ni mahali pabaya kuliko pote pa kuweka arki, yaani vimiminika vikali vya kutia harufu na ladha. Kila mnapopika joto hupanda, harufu huvukiza, na arki nyingi zina spiriti (alkoholi) ndani yake. Kwa sheria za Marekani, vanila halisi haipungui asilimia 35 ya alkoholi, na mvuke wa alkoholi hushika moto ukikutana na gesi au mkaa. Tumia kabati la chini lenye mlango, mbali na jiko na dirisha.

Soma kwanza lebo ujue arki imeyeyushwa kwenye nini. Ya spiriti au propilini glikoli (kimiminika kizito kisicho na harufu cha kuyeyushia arki) hukaa kabatini bila shida. Vanila haihitaji friji: kwenye baridi vanilini, kiini cha harufu yake, inaweza kuganda ikawa chenga. Ikitokea, iache ipate joto la chumba, kisha itikise. Maji ya waridi hayana ukali wa spiriti wa kuyazuia yasiharibike. Ukishafungua chupa, yatie kwenye friji.

Arki za limau na chungwa ndizo zinazosumbua zaidi. Mafuta yake yana limonini, kemikali ya asili ya maganda ya matunda hayo, na limonini ikikutana na hewa kwa muda hunuka tapentaini. Chupa iliyobaki nusu huharibika haraka kwa sababu nusu nyingine ni hewa. Ukinunua nusu lita, igawe kwenye chupa za kioo cha kahawia za ml 30 au 50, jaza karibu na shingo, funga na uweke kwenye friji. Fungua moja moja. Chupa ziwe zimeoshwa na kukauka kabisa. Tone la maji likibaki, arki ya mafuta huchafuka. Usitumie vile vikombe vigumu vya plastiki vinavyong'aa na kupasuka upesi (polistirini): mafuta ya limau huvila.

Arki ya lozi ina tatizo lake. Ukiona chembe nyeupe shingoni, benzaldehidi, kemikali inayoipa harufu ya lozi, imegeuka asidi ya benzoiki kwa kupata hewa. Futa shingo kila unapomaliza kumimina, kisha kaza kifuniko.

Usiache kitonesho chenye mpira ndani ya chupa, maana mvuke hulainisha mpira na arki huchukua harufu yake. Pima kwa sirinji ya ml 1, tena kila arki na sirinji yake, hasa pepaminti, ambayo harufu yake haitoki kirahisi. Kuhesabu matone kunadanganya: matone 20 kwa ml 1 ni hesabu ya maji, na tone la spiriti ni dogo zaidi.

Usizimue akiba kwa maji. Spiriti ikishapungua, ukungu na bakteria hupata nafasi. Zimua kiasi cha siku hiyo tu.

Andika kwenye chupa jina, kimiminika kilichomo, tarehe ya kufungua na kipimo cha kutia kwa kila lita. Kamwe usitie arki kwenye chupa ya soda au ya maji. Harufu tamu huwavuta watoto, na baadhi ya arki ni sumu: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya wintagrini kina takribani gramu 7 za salisileti (kemikali ya jamii ya aspirini), kiasi kinachoweza kumuua mtoto mdogo. Fungia kabati kwa kufuli. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.