SOMO: Kuunganisha mizani, programu ya ghala na uhasibu ili lori moja liandikwe mara moja

Wakuu, somo hili ni la wanaoshughulikia kompyuta kwenye maghala ya mazao huku Kusini. Mfano tunaoutumia ni ghala la korosho Mtwara mjini lenye vitu vinne visivyojuana: mizani ya malori getini, programu ya ghala, programu ya uhasibu, na faili la Excel la malipo ya wakulima. Karani wa mizani anachapa tiketi, wa ghala anaandika upya namba zilezile, mhasibu anaziandika mara ya tatu. Kuelekea mnada, tani zinakuwa za aina tatu na kila mmoja anaapa kwamba zake ndizo.

Kwanza suala la muda. Kuanzia Oktoba korosho zinaingia, usiguse kitu. Lindi kuna na ufuta kuanzia katikati ya mwaka. Dirisha zuri ni Februari hadi Aprili, mvua zikiwa zinanyesha na geti limetulia.

HATUA YA 1: Karatasi kabla ya kebo

Orodhesha kila taarifa, kisha andika nyumba yake moja tu. Uzito nyumba yake ni mizani. AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), wakulima na idadi ya magunia nyumba yao ni programu ya ghala. Bei, makato na malipo ni uhasibu. Mfumo mwingine wowote unasoma, haurekebishi. Karani akiona uzito umekosewa kwenye programu ya ghala, anarudi mizani na kufuta tiketi huko, hasahihishi alipo.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama, wala si kwenye nyaya. Uhasibu unaiita AMCOS fulani «MTW-014», ghala linaiita «14», Excel inaandika jina refu ambalo kila karani analitamka kivyake. Usilazimishe mtu kubadili misimbo yake. Tengeneza jedwali la tafsiri lenye safu tatu, kila msimbo na mwenzake, na lisimamiwe na mtu mmoja. Kamwe usioanishe kwa majina. Nafasi moja iliyozidi mwishoni mwa neno inatosha kuzaa AMCOS mpya ambayo haipo duniani.

HATUA YA 2: Kuisoma mizani

Indiketa (kisanduku kinachoonyesha uzito wa mizani) nyingi zina poti ya RS-232, njia ya zamani ya kutuma data kwa kebo. Unahitaji kebo yenye ngao, adapta ya kwenda USB (chagua yenye kinga ya umeme ndani, radi za masika haziulizi), na kompyuta iliyo ndani ya mita 15. Ikizidi hapo tumia RS-485, ambayo inafika hata mita 1,200 kwa kasi ndogo.

Kwenye kiunganishi cha pini 9, zinazohusika ni tatu tu: 2, 3 na 5. Fungua PuTTY (programu ya kusoma poti), weka kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kufunga. Indiketa nyingi zitakuletea mstari wa namna hii:

ST,GS,+0041380kg

ST maana yake uzito umetulia, US bado unacheza, GS ni uzito wa jumla. Usipoona chochote, badilisha pini 2 na 3. Ukiona takataka tupu, kasi si sahihi. Ukiona baadhi ya herufi ni sahihi na nyingine za ajabu, jaribu biti 7 na pariti shufwa. Na kama jana ilisoma vizuri na leo kimya, tazama kama kuna mtu aliichomeka adapta kwenye tundu jingine: namba ya poti kwenye Windows imebadilika, COM3 imegeuka COM5. Ifunge namba hiyo kwenye mipangilio ya Windows. Kwa maghala ya karibu na bahari, chomoa kiunganishi na uangalie pini, kwani chumvi huzifanya za kijani kabla hujajua.

Programu yako isikubali uzito mpaka ipate ST mara tano mfululizo kwa namba ileile. Bila hivyo, dereva akikanyaga breki juu ya mizani unaokota namba ya katikati ya mtikisiko.

Chukua lori moja tulifuate. Limejaa: kilo 41,380. Tupu: 14,820. Mzigo: 26,560. Magunia 328, na gunia tupu tukilihesabu kilo 1, korosho ni kilo 26,232, wastani wa kilo 79.98 kwa gunia. Wastani ukitoka mbali na 80, uzito unaotarajiwa wa gunia, programu ipige kelele palepale lori likiwa bado getini. Ila kumbuka mizani kubwa nyingi zinahesabu kwa vipande vya kilo 20, kwa hiyo usitegemee zilingane kilo kwa kilo na mizani ndogo ya AMCOS.

HATUA YA 3: Jedwali la foleni

Hii ndiyo roho ya somo. Mizani isiutumie uhasibu taarifa moja kwa moja. Tiketi inapohifadhiwa, katika muamala uleule wa kanzidata andika na mstari kwenye jedwali la foleni, lenye safu hizi: namba ya tukio (UUID, yaani namba ndefu isiyojirudia), aina, maudhui kwa JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu ziyasome), muda, hali, idadi ya majaribio, na kosa la mwisho. Vyote viwili viingie au vyote vikatae. Ukiandika tiketi kwanza na foleni baadaye, umeme ukikatika katikati una lori ambalo uhasibu hautalisikia kamwe.

Programu ndogo ya kutuma inapita kwenye foleni kila sekunde 30 na kupeleka tiketi uhasibu. Ikishindwa inasubiri dakika 1, kisha 2, 4, 8, na isizidi 15. Itofautishe majibu ya uhasibu, yanayokuja kwa misimbo ya HTTP. 200 au 201, imepokelewa. 400 au 422, data ni mbovu: simamisha, mwite binadamu, kurudia hakusaidii. 401, ufunguo wa kuingilia una tatizo. 500 au 503, jaribu tena.

Jibu baya kuliko yote ni ukimya. Umetuma, mtandao umekatika kabla ya jibu kurudi. Je, walipokea? Hujui. Ukituma tena lori linaweza kuingia mara mbili, usipotuma linaweza kupotea. Dawa yake iko upande wa mpokeaji: jedwali lake liwe na fahirisi ya kipekee kwenye namba ya tukio. Namba ikija mara ya pili, asiingize kitu. Arudishe jibu lile la kwanza. Kuanzia hapo mtumaji ana ruhusa ya kurudia hata mara mia. Namba hiyo izaliwe mara moja tu, tiketi inapohifadhiwa. Mafundi wengine wanaitengeneza upya kila wanapotuma, halafu wanashangaa marudio yanatoka wapi.

Kilo na shilingi zihifadhiwe kama namba kamili. Desimali zinazoelea zitakuachia senti za ajabu mwisho wa msimu.

HATUA YA 4: Ulinganisho wa kila usiku

Baada ya geti kufungwa, hesabu vitu viwili kila upande: idadi ya tiketi na jumla ya kilo. Tofauti yoyote iende kwa mtu mwenye jina, si kwenye barua pepe ya pamoja isiyosomwa. Endesha mfumo mpya sambamba na daftari kwa wiki mbili. Daftari la geti liendelee hata baada ya hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Mkuu, shukrani kwa somo. Huku intaneti inaweza kupotea siku nzima. Malori ya siku hiyo yanakuwaje?

Jibu: Yanapimwa kama kawaida, ilimradi kanzidata ya mizani iko hapohapo getini na si kwenye seva ya mbali. Foleni inajaa, mtandao ukirudi inajimwaga yenyewe kwa mpangilio. Weka UPS (betri ya akiba) ya kompyuta na indiketa, na usisahau ruta. Wengi huwasha kila kitu kwa jenereta halafu ruta imechomekwa kwenye tundu lisilo na umeme. Weka kibao kwenye skrini kinachoonyesha mistari mingapi inasubiri. Ikizidi 0 kwa saa moja wakati mtandao upo, kuna tatizo.

Nachingwea: Programu yetu ya uhasibu ni ya zamani, haina API (mlango wa programu nyingine kuitumia data). Fundi anasema ataandika moja kwa moja kwenye majedwali yake. Ni sawa?

Jibu: Hapana, ndugu. Programu za uhasibu zinapopokea muamala zinabadilisha na salio, na mara nyingi majedwali mengine matatu manne. Mstari ulioingizwa kwa mlango wa uani hauligusi salio, na taarifa ya mwisho wa mwezi haitakubali. Tumia njia yake ya kupokea faili la CSV (jedwali la maandishi lenye mikato). Andika faili kwa jina la muda, mfano tiketi.tmp, ukimaliza ndipo ulibadilishe kuwa tiketi.csv. Vinginevyo uhasibu utalisoma likiwa nusu, na malori ya mkiani hayataonekana.

Newala: Jumla ya mwezi inalingana pande zote, lakini za siku mojamoja hazilingani. Tumekagua wiki nzima.

Jibu: Hiyo ni saa. Seva moja inaandika UTC (saa ya kimataifa), nyingine saa za Afrika Mashariki, tofauti ni saa 3. Lori lililopimwa saa saba na nusu usiku tarehe 12 linaandikwa 22:30 ya tarehe 11. Hifadhi UTC kote, na ubadilishe wakati wa kuonyesha tu. Angalia pia daftari la geti: mlinzi anaandika «3:15» akimaanisha saa tatu na robo asubuhi, na kijana anayenakili anaingiza 03:15 badala ya 09:15. Mwambieni mlinzi aandike asubuhi, mchana au usiku pembeni.

Kilwa Masoko: Malipo ya wakulima bado tunapitisha Excel. Benki inarudisha baadhi ya namba za akaunti, na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) zinaishia na masifuri.

Jibu: Excel inashika tarakimu 15 tu. Namba ya NIDA ina 20, kwa hiyo 5 za mwisho zinageuzwa sifuri, na ukihifadhi hazirudi tena. Kwa kuwa 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, baadhi ya waliozaliwa siku moja wanaweza kufanana. Akaunti inayoanza na 0 inapoteza hiyo 0. Usilifungue CSV kwa kulibofya mara mbili. Liingize kupitia menyu ya Data na uzitaje safu hizo kuwa maandishi. Na faili hilo lisizunguke WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na majina, akaunti na NIDA za wakulima zimo ndani yake.

Lindi mjini: Je, ankara ya tozo ya ghala tunaweza kuifanya itoe na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenyewe, bila mtu kubonyeza?

Jibu: Inawezekana kitaalamu, lakini hiyo muiache iwe ya mwisho, na mtu abonyeze kwa msimu wa kwanza. Tiketi iliyorudiwa unaifuta. Risiti ya kodi ikishatoka mara mbili haifutwi kwa kitufe, utaanza safari za TRA na makaratasi mkononi.