Ramani ikisema shamba linafaa, beba jembe ukachimbe

Siku hizi ukiulizia shamba Bagamoyo, unaweza kutumiwa ramani kwenye simu kabla hujaoneshwa mpaka. Kijani linafaa, njano wastani, nyekundu achana nalo. Msaada mkubwa huo, ila uliza kwanza: linafaa kwa zao gani? Nanasi la Kiwangwa linataka udongo wenye uchachu, pH kati ya 4.5 na 5.5, usiotuamisha maji. Bonde linalostawisha mpunga litaliozesha mizizi.

Swali la pili ni jinsi rangi zilivyopatikana. Programu kama QGIS, ambayo ni ya bure, hupandanisha ramani za udongo, mteremko na mvua. Kila kigezo hupewa alama, kisha mara nyingi hutafutwa wastani. Hapo ndipo watu wanapoumia. Chukua kipande cha bonde la Ruvu karibu na bahari: tambarare, mfinyanzi unaoshika maji, mto upo jirani. Kama chumvi imeingia udongoni, alama tatu nzuri zitaifunika ile moja mbaya na kipande kitapakwa kijani. Mpunga hauli wastani! Mwambie mchoraji atumie madaraja ya mwaka 1976 ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani S1 (linafaa sana), S2 (wastani), S3 (kwa shida) na N (halifai), na kigezo kibaya kuliko vyote ndicho kiamue. Chumvi ikiwa N, kipande kizima ni N.

Kuna na suala la ukubwa. SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia nzima, ina miraba ya mita 250 kwa 250, karibu ekari 15. Shamba lako la ekari mbili linaweza kumezwa na mraba mmoja pamoja na ya majirani.

Kwa hiyo nenda ukachimbe shimo la sentimita 60. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji hukaa hapo muda mrefu. Ukoko mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi ni dalili ya chumvi. Chota udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, ukiepuka vichuguu na njia za ng'ombe. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha peleka nusu kilo maabara, kwa mfano kituo cha Mlingano kule Muheza, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Omba wapime na chumvi, si pH peke yake.

Malipo ya shamba yasubiri majibu. Ikiwezekana, yasubiri na masika, uone maji yanasimama wapi.