Clayface yupi? Jinsi ya kumfuata mtu wa udongo bila kupotea njiani

Juzi kuna jamaa kaniuliza, eti huyu Clayface adui wa Batman kwani alikuwa polisi au muigizaji, maana yeye kwenye katuni aliyoangalia zamani alikuwa polisi na mdogo wake anabisha anasema ni muigizaji. Nikamjibu wote mko sawa, na kuna mwingine alikuwa mwanasayansi, na mwingine alikuwa anatafuta hazina. Akaona namzingua.

Simzingui. Shida ni kwamba watu wanamfuata Clayface kwa sura, na huyu ni kiumbe ambaye sura ndo kitu cha mwisho cha kumwamini nacho, leo dude la matope, kesho Kamishna Gordon mkuu wa polisi, kesho kutwa mama muuza maua. Jina lenyewe la Clayface ni kama shati la mtumba, limevaliwa na watu tofauti toka 1940 na kila mmoja kalipeleka kwa fundi likapunguzwa mikono. Kwa hiyo ukikutana naye kwenye komiki, muvi, katuni au gemu, usiulize Clayface ni nani, uliza huyu ni Clayface yupi. Kumjua kuna njia, na si ngumu.

Anza na jina la nyumbani. Achana na udongo kwanza, kaa usikilize mpaka mtu amuite kwa jina la mama yake. Mara nyingi Batman mwenyewe ndo atamuita, yule bwana ana tabia ya kuwaita maadui zake majina yao ya kwenye kitambulisho akitaka kuwatuliza. Majina ya kushika ni Basil Karlo, Matt Hagen, Preston Payne na Sondra Fuller, halafu weka pembeni Ethan Bennett nitamrudia. Wako na wengine, ila ukiwa na hawa watano asilimia kubwa ya mabishano utayamaliza ukiwa umekaa.

Karlo ndo wa kwanza kabisa, kwenye komiki ya Detective Comics namba 40 ya Juni 1940, kazi ya Bill Finger na Bob Kane. Hapa ndo wengi wanashtuka, Karlo huyu hajigeuzi! Hana udongo hata wa kujaza kikombe. Ni muigizaji wa muvi za kutisha aliyepitwa na wakati, anasikia muvi yake ya zamani inarudiwa na watu wengine, basi anavaa kinyago cha mhusika wake na kuanza kuwaua waigizaji mmoja mmoja. Jina lake limeunganishwa kutoka kwa Basil Rathbone na Boris Karloff, mastaa wa kweli wa enzi hizo. Kwa hiyo mtu akikwambia Clayface toka mwanzo alikuwa na uwezo wa kujigeuza mwambie polepole, alikuwa na mekapu na kisu.

Uwezo umekuja 1961, Detective Comics namba 298, na umekuja na mtu mwingine kabisa. Matt Hagen, mtafuta hazina, anaingia pangoni anakuta kidimbwi cha kitu cha ajabu kinamgusa mwilini na kuanzia hapo anaweza kuwa chochote, simba, ndege, Batman mwenyewe. Ila nguvu zinakaa saa 48 tu, zikiisha lazima arudi kuoga tena kwenye kidimbwi. Mi hii naipenda sana kwa sababu inampa mwizi ratiba, yani jamaa anaiba huku anaangalia saa kama mtu aliyeacha maharage jikoni.

Payne alikuja 1978 na huyu ni wa kuhurumiwa. Mwanasayansi mwenye ugonjwa uliomharibu umbo, akajaribu kujitibu kwa kitu alichokipata kutoka kwa Hagen, kwa muda akapona akawa mzuri, halafu nyama ikaanza kuyeyuka na akimgusa mtu huyo mtu anayeyuka na yeye. Inabidi aishi ndani ya suti maalumu ya kumshikilia. Kama umeona Clayface kajifungia na sanamu ya dukani, ile wanayovalisha nguo, na anaipenda kama mke wake, huyo ni Payne, sanamu anaiita Helena na 1987 mwandishi Alan Moore kamuandikia hadithi kwenye Batman Annual namba 11 ambayo Payne anamuonea Batman wivu kwamba anamtaka Helena. Inachekesha kurasa tatu za mwanzo halafu inaacha kuchekesha. Mwaka huohuo ndo akaingia Sondra Fuller, mwanamke, yeye anaweza kuchukua hata uwezo wa yule anayemuiga na siyo sura peke yake.

Sasa mtego mkubwa. Karibu kila mtu wa umri wangu amemjua Clayface kupitia Batman: The Animated Series ya 1992, episodi mbili zinaitwa Feat of Clay, sauti ya Ron Perlman. Pale anaitwa Matt Hagen. Lakini ni muigizaji. Unaona walichofanya? Wamechukua jina la Hagen wa 1961 wakalivalisha kazi na machungu ya Karlo wa 1940, halafu chanzo cha udongo wakatunga chao: Hagen aliumia uso kwenye ajali ya gari, tajiri mmoja anaitwa Roland Daggett anampa krimu ya kurekebisha uso, krimu ina uraibu, na ili aendelee kuipata lazima amfanyie Daggett kazi chafu. Siku ameenda kuiba ya kwake vijana wa Daggett wanamkamata na kummiminia ndoo nzima. Hakuna kidimbwi. Hakuna saa 48. Kwa hiyo ukisoma komiki ya zamani ukitegemea kumkuta huyu wa krimu utadhani umeuziwa kitabu kibaya, na ukimaliza katuni ukaanza kubishana na watu wa komiki utapigwa bao tu, mimi nimepigwa sana.

Hapo ndo inakuja kazi ya pili ya kufanya baada ya jina, uliza udongo ulimpataje. Jina linaweza kukudanganya kama hivyo, chanzo mara nyingi kinakupa na muongo wa hadithi. Hakuna udongo, ni mekapu: uko 1940 au mwandishi anaikumbushia. Kidimbwi pangoni: komiki za miaka ya 60. Krimu ya uso: katuni ya 1992 au mtu aliyeiba kwao, na wameiba wengi. Kemikali ya Joker, adui mkubwa wa Batman: hapo uko kwenye The Batman, katuni iliyoanza 2004, na ndo huyu polisi wa jamaa yangu. Anaitwa Ethan Bennett, mpelelezi na rafiki wa Bruce Wayne, yani Batman mwenyewe akiwa hajavaa kinyago, alitungwa kwa ajili ya katuni ile, Joker anamteka na kumtesa na mvuke wa ile kemikali ndo unamgeuza. Ukweli hii mi naiweka juu sana, maana Bruce hapambani na mwizi, anapambana na rafiki yake. Baadaye katuni hiyohiyo inamleta na Basil Karlo naye anakuwa wa udongo, kwa hiyo ndani ya katuni moja una Clayface wawili, usiseme sikukwambia.

Kama chanzo ni daktari mwovu Hugo Strange na maabara yake chini ya Arkham, hospitali ya vichaa, basi unaangalia Gotham, ile tamthilia ya kuigizwa na watu, msimu wa pili, 2016. Pale Karlo anavuta uso kwa mikono kama unga wa chapati kisha unakaa sura ya mtu. Hana matope mwilini, nadhani ni bajeti, lakini ile ya kuvuta uso inatia kichefuchefu kizuri.

Na kuna swali la tatu ambalo siyo la kumtambua, ni la kukusaidia kujua kama hilo toleo ni zuri au wamejaza tu nafasi: anataka nini? Kama anataka hela tu, mara nyingi ni toleo jepesi, angalia mapigano uende zako. Kama anataka uso wake urudi, au anataka jukwaa, kaa vizuri kwenye kiti. Mwisho wa Feat of Clay Batman hamshindi kwa ngumi, anamuwashia skrini nyingi zenye picha za wahusika wote aliowahi kuigiza, na mwili unaanza kuwafuata wote kwa mpigo bila yeye kutaka, hawezi kusimama kwenye sura moja. Nimeiangalia sijui mara ngapi. Mpaka leo hakuna muvi iliyonionyesha vizuri zaidi mtu aliyesahau yeye ni nani.

Ndo maana hata komiki zenyewe zimesogea kuelekea kule. Mwaka 1989, kwenye hadithi ya Mud Pack, Detective Comics namba 604 mpaka 607, Karlo yule mzee wa kinyago anawakusanya kina Clayface wenzake, kumbe anataka uwezo wao, anajichoma sindano ya sampuli za miili ya Payne na Fuller na kuwa mkali kuliko wote. Toka hapo kwenye komiki jina likiwa Karlo tegemea udongo wa kweli. Na 2016 mwandishi James Tynion IV akamuingiza kwenye kikosi cha Batman kabisa, Detective Comics kuanzia namba 934, anafundishwa kuwa mtu mwema, anakuwa rafiki wa Cassandra Cain, binti asiyeongea sana na muigizaji asiyenyamaza. Usinifanye nikueleze inavyoishia, soma mwenyewe.

Kwa wale wa kucheka kuna katuni ya Harley Quinn ya 2019, Clayface wa humo ni muigizaji mbovu anayejiona mkubwa, kila akitumwa kujibadilisha lazima amtungie mhusika historia ya maisha yote, watu wanasubiri kuiba benki yeye anaelezea utoto wa mhudumu wa baa. Ni utani lakini ni Karlo wa 1940 yuleyule, mtu anayetaka aangaliwe. Kwenye magemu, Arkham Asylum ya 2009 nenda kwenye seli yake usimame, utamkuta ana sura ya mtu unayemjua anaomba umfungulie, ondoka urudi atakuwa mtu mwingine. Arkham City ya 2011 sisemi kitu, kama hujaicheza na umeweza kukwepa spoila miaka yote hii hongera sana, angalia tu vizuri nani anaonekana mgonjwa na nani haonekani.

Mpangilio wangu ukiwa unaanza sifuri: usianze na 1940, utachoka. Anza na Feat of Clay zote mbili usiku mmoja, halafu siku nyingine The Batman ya Ethan Bennett ili ubongo uzoee kwamba jina ni moja na watu ni wengi. Ndipo urudi kusoma namba 40 na namba 298, ni fupi, utazimaliza kwenye daladala kabla hujafika. Payne na Helena wake baada ya hapo, kisha Tynion. Harley Quinn weka mwishoni maana utani wake unanoga ukishawajua wote.

Na mwisho kabisa, ukishajua sana, angalia Growing Pains, episodi ya katuni ya 1998, ni mwendelezo wa yule Hagen wa krimu. Robin, msaidizi wa Batman, anakutana na binti asiyejua anatoka wapi, anaitwa Annie, anamkimbia baba yake. Sasa wewe utakuwa umeshajizoesha kuuliza jina la nyumbani, udongo ulimpataje, anataka nini. Muulize Annie hayohayo matatu kabla Robin hajajua, halafu uone kama utaweza kulala mapema.