Kufumbua sentensi katika ushairi mkongwe wa Kiingereza

Anayejiandaa kwa swali la shairi katika karatasi ya pili ya Kiingereza, KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya), awe Kakamega au Kisumu, tayari amekutana na kuboronga sarufi, yaani kuvuruga mpangilio wa kawaida wa maneno, katika ushairi wa Kiswahili. Washairi wa Kiingereza John Milton na Thomas Gray waliboronga vilevile.

Kwanza, sahau mishororo. Soma hadi nukta, maana mistari mishata, ambayo maana yake haikamiliki hadi mstari unaofuata, ni mingi mno. Sentensi ya kwanza ya Paradise Lost ya Milton (1667) inaanza kwa "Of", na kitenzi kikuu, "Sing", hakitokei hadi mshororo wa 6. Anayekata maana kila mwisho wa mshororo hatakiona.

Kisha pigia mstari kitenzi kinachobeba wakati. Neno la -ing pekee halitoshi. Kiishio -est ni cha "thou", yaani wewe. -Eth ni cha nafsi ya tatu umoja. Vinafanya kazi ya u- na a- zetu, basi vitumie kumsaka mtenda hata akiwa mbali.

Sasa uliza ni nani, au nini, kinachotenda. Wengi huanguka hapa kwa kudhani nomino ya kwanza ndiyo kiima. Tazama Elegy ya Gray (1751):

"Now fades the glimmering landscape on the sight,
And all the air a solemn stillness holds"

Mshororo wa kwanza ni mwepesi: "fades" haichukui shamirisho, kwa hivyo "landscape" ni kiima kilichorushwa nyuma ya kitenzi. Wa pili una nomino mbili kabla ya kitenzi, na Kiingereza hakina alama ya kuonyesha ipi imeishika nyingine. Ukitafsiri kwa Kiswahili, ngeli zitakulazimisha kuchagua:

Hewa yote imekishika kimya kizito.
Kimya kizito kimeishika hewa yote.

(Dholuo hakina ngeli, kwa hivyo mzungumzaji wake atumie Kiswahili; wa Kiluhya anaweza kujaribu kwa lugha ya mama.) Kwa maana ya kwanza, shamirisho katika mshororo wa Gray imetangulia kitenzi tu; kwa ya pili, imetangulia hata kiima. Tunaegemea ya pili, kwani ubeti unaeleza utulivu ukitanda, lakini zote mbili zinasimama kisarufi. Zitaje zote kwenye jibu.

Hatimaye tafuta sababu. "Holds" imewekwa mwisho ili ipate kina na "folds", mishororo miwili baadaye. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba kitenzi kikichelewa, msomaji naye husubiri, hewa na kimya vikiwa bega kwa bega.