Injini iliyochoka: kuijenga upya au kufunga nyingine, kwa wenye magari Tabora

Kilomita za kwenye dashibodi haziamui. Injini ya Toyota aina ya 3S, ya Noah ya zamani, iliyobadilishiwa oili kwa wakati inaweza kupita kilomita 300,000 silinda zake zikiwa bado nzima, wakati 1NZ ya Probox iliyovuta vumbi la njia za vijijini kupitia ea klina iliyochanika hufa mapema zaidi. Kinachoamua ni hali ya bloku (mwili wa injini wenye silinda), na kama silinda za bloku hiyo zinakubali kuchongwa. Hayo yanajulikana kwa vipimo, na vingi vyake hufanyika kabla boliti hata moja ya hedi (kichwa cha injini) haijalegezwa. Fundi akiona moshi akasema "hii ni ya kufungua tu", bado hajakupa jibu.

Kwanza hakikisha ugonjwa uko ndani

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu gari likiwashwa kisha ukapotea, au unaotoka ukikanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka. Hizo ni kazi ya siku moja. Moshi wa bluu unaofuata gari muda wote, na hasa likibeba mzigo, unaelekea kwenye ringi za pistoni. Hata hapo, kagua kwanza valvu ndogo ya kupumulia kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu): ikiziba, oili inasukumwa kwenye hewa inayoingia na injini nzima huonekana mbovu. Moshi mweusi kwenye dizeli huanzia kwenye nozo (za kunyunyizia mafuta), pampu au ea klina iliyojaa. Moshi mweupe usiokatika huku maji ya rejeta yakipungua ni gasketi ya hedi au ufa.

Pima pia oili inayoliwa. Jaza mpaka alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha jaza tena kwa chombo chenye vipimo. Chini ya nusu lita, endelea kutembea. Ikipita lita moja, endelea na vipimo vinavyofuata.

Kompresheni, na kosa la mwinuko

Ili kupima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), pasha injini mpaka feni ya rejeta iwake. Hakikisha betri imejaa, toa plagi zote, chomoa soketi za koili na za nozo ili petroli isimwagike, kisha mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka chini. Piga stata mpaka pistoni ipande mara tano au sita, andika namba, nenda inayofuata. Ukipima huku plagi nyingine zimefungwa, au betri ikiwa dhaifu, stata inazunguka polepole na namba zinatoka za uongo.

Kitabu cha Toyota kinaipa 3S-FE psi (kipimo cha presha) 178 ikiwa nzima, na 142 kama kikomo cha chini. 1NZ-FE ni 213 na 156. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Tabora mjini ni takribani mita 1,200 juu, ambako presha ya hewa ni asilimia kama 87 ya ile ya pwani, na geji inashuka kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo hapa 3S nzima itasoma karibu 155 na kikomo chake kinakuwa kama 123. 1NZ ni karibu 185 na 135. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu fundi alilinganisha namba za Tabora na kitabu. Tofauti kati ya silinda ndiyo isiyodanganya: 150, 152, 149 na 95 ni injini yenye silinda moja mbovu, popote ulipo.

Sasa weka kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda iliyo chini, upime tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, shuku gasketi ya hedi kati yao. Kama gereji ina kompresa, jaza hewa kwenye silinda hiyo pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, halafu sikiliza: hewa ikitokea kwenye mfuniko wa oili ni ringi, kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa. Valvu na gasketi ni kazi ya hedi peke yake. Bloku haiguswi, na swali la kubadilisha injini linaishia hapo.

Dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser hupimwa kupitia tundu la plagi ya kupashia, kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haihimili presha hiyo.

Presha ya oili na filta

Taa ya oili pekee haitoshi, na swichi yake huharibika. Toa swichi, funga geji ya kawaida mahali pake. Injini ikiwa ya moto, 3S inatakiwa isipungue psi 4.3 ikiwa silensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), na iwe kati ya 36 na 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Presha ndogo pamoja na mlio mzito wa kugonga kutoka chini maana yake ni beringi. Kata filta ya zamani kwa msumeno, tandaza karatasi yake juani: vumbi laini la kijivu ni la kawaida, chembe za rangi ya shaba ni beringi zinazokwisha. Ukiziona, egesha gari siku hiyohiyo. Beringi ikijizungusha, krenkshafti na konrodi (mikono ya pistoni) huenda nayo, na kazi iliyokuwa inawezekana inakuwa haiwezekani.

Bloku yako ni ya chuma au alumini?

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. 3S, 5A, 7A, 1RZ, 3L, 5L na 1HZ zina bloku ya chuma. Silinda zikilika huchongwa na kufungwa pistoni za ova saizi (kubwa zaidi) ya milimita 0.50, na injini inarudi kazini kwa miaka mingi. Kwa hizi, kuijenga upya ndilo chaguo la kwanza, hasa 1HZ, kwa sababu 1HZ ya mtumba iliyo nzima kweli ni adimu na mwenye nayo anajua thamani yake.

1NZ na 2NZ za Probox, Succeed, Vitz na IST zina bloku ya alumini yenye slivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba zilizomiminwa humohumo. Toyota hairuhusu zichongwe. Kubadilisha ringi pekee kwenye silinda iliyolika ni kupoteza fedha: ringi mpya ya duara haikai kwenye silinda iliyokuwa yai, na moshi hurudi. 1ZZ za zamani ni kesi ya pekee. Mara nyingi silinda ni nzima, ila ringi za oili zimekwama kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo. Hizo hupona kwa pistoni na ringi za muundo mpya, mradi silinda zipimwe kwanza. Kwa NZ iliyolika silinda, funga nyingine.

Ukiamua kuijenga upya

Baada ya kufungua, kabla ya kununua chochote, pima. Silinda hupimwa kwa geji ya ndani juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. 3S inaanza na milimita 86.00, ikifika 86.23 lazima ichongwe. Uso wa bloku na wa hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vifila (vibamba vya kupimia nafasi): kupinda zaidi ya milimita 0.05 kunahitaji mashine. Nafasi ya beringi za konrodi hupimwa kwa uzi wa plastiki unaobanwa ndani: 3S ni 0.024 hadi 0.055, na isizidi 0.08.

Swali gumu kwa Tabora ni mashine. Uliza karakana ina geji ya ndani na mashine ya kumalizia silinda kwa mawe, au inachonga kwa kukadiria. Kama jibu ni la kusitasita, peleka bloku, krenkshafti na hedi Mwanza au Dar es Salaam, na nauli hiyo uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Pistoni zinunuliwe kwanza, zipelekwe pamoja na bloku. Mchongaji hufuata pistoni iliyo mkononi mwake.

Orodha isipunguzwe: pistoni na ringi, beringi za konrodi na za krenkshafti pamoja na zile za kuzuia mwendo wa mbele na nyuma, seti nzima ya gasketi na sili, pampu ya oili, pampu ya maji, thamostati, mkanda wa taimingi na rola zake, boliti za hedi. Boliti za hedi zinazokazwa kwa kupimwa nyuzi za pembe huvutika. Ukizirudia zilizokwisha kuvutika, gasketi huvuja.

Ukiamua kufunga nyingine

Injini za mtumba huja kutoka Japani au Dubai, na nyingi hununuliwa Dar es Salaam, maeneo kama Gerezani. Fungua tapeti kava mbele ya muuzaji. Rangi ya kahawia ya asali ni nzuri. Tope jeusi gumu, ondoka. Zungusha krenkshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, isikwame popote. Dai kompresheni ipimwe hapohapo sakafuni kwa stata na betri, na kumbuka kwamba Dar ni usawa wa bahari, kwa hiyo namba za kitabu zinatumika zilivyo.

Linganisha herufi zote za injini na umbo la sampu (karai la oili), trotoli (kilango cha hewa) ya waya au ya umeme, gia boksi ya otomatiki au ya mkono, na soketi za sensa. Injini ikiwa na trotoli tofauti, kontroli boksi (kompyuta ya injini) na waya zake lazima zije nayo. Andikiana na muuzaji siku za kurudisha, zikitosha safari na kufunga. Kabla ya kuisafirisha, mwaga oili, ziba matundu yote kwa tambara na tepu, ifungwe kwenye mbao ili sampu isibebe uzito.

Kabla haijashuka kwenye gari, badilisha sili ya nyuma ya krenkshafti, pampu ya maji, thamostati, plagi, na mkanda wa taimingi kama inatumia mkanda. Ikishafungwa, sili hiyo ya nyuma inadai kushusha gia boksi upya.

Sababu iliyoua injini ya kwanza

Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa baada ya ea klina. Ukikuta vumbi jekundu, kuna mpasuko au kishikizo kilicholegea, na injini mpya italika vilevile. Rejeta ioshwe kutoka upande wa feni au ibadilishwe, na ijazwe kulanti. Maji ya kisima huacha magamba kwenye njia nyembamba.

Injini iliyojengwa upya izungushwe kwa stata bila plagi mpaka presha ya oili ipande, ndipo iwashwe. Usiiache silensi kwa saa nyingi: ringi hukaa injini ikifanya kazi barabarani, na silensi ndefu husugua silinda mpaka zinateleza. Lami ya kwenda Nzega inafaa. Badilisha mwendo mara kwa mara, usivute mzigo mzito. Mwaga oili na filta kwenye kilomita 500, kisha 2,000.

Ukiwa umefunga injini nyingine, namba yake haitalingana na ile ya kwenye kadi. Chukua risiti ya mauziano yenye namba hiyo, upeleke mabadiliko TRA kabla ya kuuza gari au kulisafirisha mbali.