Kupiga picha za mkutano wa hadhara juani

Mkutano wa hadhara ni kazi ya kila siku kwa mpigapicha wa habari, na bado ndiko picha nyingi huharibikia: uso wa msemaji haujulikani chini ya kofia, maiki imemziba mdomo, jina limekosewa kwenye maelezo ya picha.

Fika saa moja kabla, utazame jukwaa limeelekea wapi. Likielekea magharibi, kuanzia saa tisa alasiri jua litampiga msemaji usoni. Likielekea mashariki, jua litakuwa mgongoni mwake na uso utabaki kivulini hadi mwisho. Angalia pia turubai. Turubai la bluu au jekundu humwaga rangi yake juu ya kila uso ulio chini yake, na mpangilio wa kamera wa kujirekebishia rangi mara nyingi hushindwa kuiondoa. Omba ruhusa ya kupanda jukwaani kabla wageni hawajaketi, shika karatasi nyeupe pale pale atakaposimama msemaji, na uitumie kuweka mizani ya rangi kwa mkono.

Sasa mwanga, ambako wengi hukwama. Kipimo cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikiona kanzu nyeupe au anga, hupunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Ukipima fremu nzima yenye weupe mwingi, ongeza stopu 2/3 hadi 1 (kuongeza stopu 1 ni kuzidisha mwanga mara mbili, kupunguza stopu 1 ni kuukata nusu). Ukipima kwa nukta, yaani sehemu ndogo tu ya fremu, kwenye shavu jeusi, mambo hugeuka: kamera itataka kulifanya shavu hilo kijivu, kwa hiyo punguza kiasi hichohicho. Ukishapata kipimo, hamia mpangilio wa mkono na ukiache hapo mpaka mwanga ubadilike. Uso ulio juani anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/5.6 (uwazi wa lenzi), 1/800 (muda wa kufunguka, kwa sehemu ya sekunde). Chini ya turubai, ISO 400 hadi 800, f/4, 1/500. Bila flashi usishuke chini ya 1/500, kwa sababu wanasiasa huongea kwa mikono na kidole kitatoka ukungu. Umati unaoruka na kucheza unataka 1/1000.

Kofia ikitia giza machoni, washa flashi ukiwa ndani ya mita 3 na uipunguze stopu 1 hadi 1 na 2/3. Kamera nyingi hazipiti 1/200 au 1/250 zikiwa na flashi ya kawaida, hivyo juani utafunga lenzi hadi f/11. Flashi kali kwenye paji la uso lenye jasho huacha doa jeupe ambalo haliponi kwenye kompyuta.

Maiki haitaki nguvu, inataka kujua pa kusimama. Nenda upande wa pili wa mkono ulioishika, pembeni kidogo, kiasi cha nyuzi 30 hadi 45. Kisha sikiliza hotuba. Msemaji akiita salamu ya chama, huishusha maiki ili umati uitikie, na hapo ndipo mdomo, macho na ngumi huonekana kwa pamoja. Aliye na kamera mbili, moja na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70–200 na nyingine ya karibu ya 24–70, hana haja ya kufungua kamera kwenye vumbi. Ukiwageukia wananchi, kwanza watakupungia na kukupigia kelele. Subiri dakika mbili au tatu wakuzoee, ndipo upige.

Vurugu zikianza, usisimame kati ya polisi na umati. Kaa ubavuni, karibu na njia mbili za kutokea. Bomu la machozi likilipuka, sogea upande upepo unakotoka, na usisugue macho.

Majina yakusanye mapema. Piga picha ya bango na ya ratiba, kisha mwombe kila mhusika aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari lako. Jina la kusikia kwa sikio hukosewa herufi, na cheo hukosewa zaidi. Maelezo yaseme nani, anafanya nini, wapi na lini, na wakiwa wengi, “kutoka kushoto”. Saa ya kamera nayo huleta mkanganyiko wetu wenyewe: saa nane mchana ni 14:00. Aliyeweka 08:00, picha zake zote ziko nyuma kwa saa 6, na za saa saba usiku zitabeba tarehe ya jana.

Kwenye kompyuta unaruhusiwa kukata kingo na kurekebisha mwanga kwa kiasi. Kuondoa kitu ndani ya picha hakuruhusiwi hata kikiwa kidogo. Januari 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpigapicha Narciso Contreras, aliyekuwa mmoja wa washindi wa tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer ya 2013, kwa kufuta kamera ya video iliyoonekana kwenye kona ya picha yake kutoka Syria. Novemba 2015 shirika la habari la Reuters liliwataka wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume JPEG (picha iliyokwisha kubanwa) zilizotengenezwa kutoka RAW (faili ghafi ya kamera). Kwa hiyo piga zote mbili kwa pamoja: RAW kadi moja, JPEG kadi nyingine.

Tuma picha 5 hadi 8 tu, upande mrefu pikseli 3000. Tuma ya kwanza msemaji akiwa bado jukwaani, kwa maana mhariri hawezi kungoja hotuba iishe. Ukitumia WhatsApp, itume kama hati. Ikienda kama picha ya kawaida, hubanwa, na maelezo uliyoyaandika ndani ya faili hupotea. Kadi usizifute uwanjani. Nakili mahali pawili kwanza, fungua faili chache kuhakikisha ni nzima, ndipo uzifomati ndani ya kamera yenyewe.